Kisiki Kisichokuwepo: Uchambuzi wa Kisa cha Boti ya Uvuvi na Tela Lake, Moshi

Boti inayochambuliwa hapa ni ya faiba, ina urefu wa karibu mita 5, na ilinunuliwa Tanga ikiwa tayari imetumika baharini kabla ya kuletwa Moshi kwa ajili ya kuvua perege na kambale katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Inasukumwa na mashine ya nguvu za farasi 40 inayofungwa nyuma, ambayo peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo 70. Mwenye boti anaishi Moshi mjini na hairuhusu kulala bwawani, kwanza kwa sababu ya wizi wa mashine, na pili kwa sababu kuna vipindi ambavyo uvuvi katika bwawa hilo husimamishwa na yeye hataki kumlipa mlinzi alinde chombo kisichofanya kazi. Kwa hiyo boti hupanda tela, tela huvutwa na Hilux, na msafara huo hufuata barabara kuu ya Dar es Salaam kupitia Njia Panda ya Himo, kisha huiacha lami na kuingia barabara ya vumbi na mashimo hadi ukingoni mwa maji.

Ugomvi ulianza pale boti ilipoonekana kuingiza maji kwa kasi ambayo kopo la kuchotea halikuweza kuishinda. Ilipopinduliwa uani, ilikutwa na nyufa ndefu chini, nyuma ya katikati ya chombo. Mwenye boti aliamua papo hapo kwamba nahodha, kijana wa Lang'ata aliyeajiriwa kwa mgawo, amegonga kisiki, naye akaanza kumkata sehemu ya mgawo wake ili kufidia matengenezo. Dai hilo halikuwa la ajabu. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme, umwagiliaji na uvuvi, maji yake hupanda na kushuka kufuatana na mvua na kiasi kinachofunguliwa kwenda mitamboni, na kila kina kinaposhuka, visiki vya miti iliyozamishwa hukaribia uso wa maji. Kila mvuvi wa pale anazo habari za kisiki.

Nahodha alikana, na hoja aliyoitoa siku ya kwanza ndiyo iliyokuja kuthibitika mwishoni, ingawa hakuna aliyemsikiliza. "Mzee," alisema, "kisiki kingepasua pale, hiyo mashine ingebaki salama?" Jibu alilopewa lilikuwa fupi: "Kijana, faiba haipasuki yenyewe." Wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Faiba kweli haipasuki yenyewe, lakini kinachoipasua si lazima kiwe majini.

Niliitwa nipange bei ya kuziba. Mafundi wa faiba wa Moshi na Arusha, nami nikiwamo, kazi yetu kubwa ni mapaa ya magari ya utalii, matangi ya maji na mabampa. Boti hutufikia mara chache, na ikitufikia, kishawishi ni kuitengeneza kama bampa, yaani kukwangua, kupaka puti, kupiga msasa na kupaka rangi. Boti hii ilikuwa imekwishafanyiwa hivyo mara moja. Puti ya gari ilikuwa imejazwa kwenye ufa mmojawapo, na ilipochokolewa kwa bisibisi ilitoka ikiwa laini na yenye unyevu, kwa kuwa puti ya aina hiyo hunyonya maji na haikukusudiwa kukaa chini ya mkondo wa maji hata siku moja. Kabla ya kutaja bei yoyote ilibidi ijulikane kwanza ni nini kilichopasua, maana chanzo kikibaki, kiraka hakitadumu.

Mambo ambayo boti ilisema

Ushahidi wa kwanza ulikuwa ni mashine yenyewe. Mguu wa mashine ya nyuma hushuka chini zaidi ya tumbo la boti, na mapezi ya pangaboi ndiyo yaliyo chini karibu kuliko kitu kingine chochote. Kisiki kinachopita chini ya boti inayokwenda mbele, kikawa kirefu kiasi cha kugusa tumbo katika theluthi ya nyuma, lazima baada ya hapo kikutane na mguu huo. Pangaboi ya boti hii haikuwa na pengo hata moja, kingo za mapezi yake zilikuwa nzima, na bapa la chini la mguu lilikuwa na rangi yake ya kiwandani isipokuwa mikwaruzo midogo ya mchanga. Inawezekana mashine ilikuwa imeinuliwa wakati wa kugonga, lakini boti yenye mashine iliyoinuliwa inasukumwa kwa pondo, na mwendo wa pondo hauwezi kupasua faiba yenye unene wa milimita 6.

Ushahidi wa pili ulikuwa ni umbo la nyufa. Kitu kinachogongwa na boti iliyo mwendoni huacha mkwaruzo unaoanzia mbele kwenda nyuma, na kwa kawaida huumiza kwanza omo, yaani pua ya boti, au mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini wa boti, au ubavu mmoja. Hapa hapakuwa na mkwaruzo. Palikuwa na nyufa mbili zinazokwenda sambamba na mkuku, moja kila upande, ya kushoto ikiwa sentimita 38 kutoka kwenye mkuku na ya kulia ikiwa sentimita 37. Kisiki hakigongi mara mbili kwa vipimo. Nilipochukua futi na kupima tela, umbali kati ya mbao mbili za kulalia boti, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, ulikuwa sentimita 76.

Lililomaliza ubishi, hata hivyo, lilikuwa alama ndogo ambayo mtu angeweza kuipita kama hakuinamisha kichwa. Kwenye ufa wa kulia, karibu na ncha yake ya nyuma, jeli koti, yaani tabaka gumu la nje la faiba, ilikuwa imebonyea ndani na kuacha chapa yenye pembe sita, kila upande ukiwa wazi kama umekatwa kwa patasi. Kipande cha zulia kilichokuwa kimegongelewa juu ya ubao wa tela kilikuwa kimechakaa na kutoka, na chini yake bolti ya kushikilia ubao ilikuwa imeachwa na kichwa chake nje badala ya kuzamishwa ndani ya mbao. Bolti ile iliwekwa juu ya chapa ile, ikaingia sawasawa. Mwenye boti aliishika mwenyewe, akaijaribu tena mara kadhaa, kisha akaiweka mfukoni bila kusema neno.

Kwa ndani mambo yalikuwa mabaya zaidi kuliko nje. Sakafu ilipokatwa, mihimili miwili inayokwenda kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya boti, ilikutwa imeachana na tumbo la boti kwa urefu wa zaidi ya hatua moja ya mtu, na faiba iliyokuwa imeiunganisha ilikuwa imegeuka nyeupe, ambayo ndiyo rangi ya faiba iliyokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hadi nyuzi zake zikaachana na rezini, yaani gundi inayozishikanisha. Povu la kuelea lililojazwa chini ya sakafu lilikuwa limeloa, na ndani yake na chini yake palitoka maji ambayo tuliyakadiria kuwa lita 60. Hizo ni kilo 60 ambazo boti ilikuwa ikizibeba barabarani na majini bila mtu kujua, na nyingi kati yake zilikuwa zimekaa nyuma.

Kulikuwa pia na jambo ambalo nahodha alikuwa amelilalamikia kwa miezi kadhaa na likachukuliwa kuwa ni uvivu wa kuendesha: kwamba boti "inazamisha pua", haitaki kupanda juu ya maji hata mafuta yakifunguliwa yote, na inakula petroli kuliko zamani. Rula ndefu ya alumini ilipowekwa chini ya tumbo kutoka tezi kwenda mbele, ilionekana nafasi ya milimita 12 katikati. Tumbo la boti hutakiwa kuwa limenyooka sehemu hiyo ya nyuma. Likijikunja na kuwa na bonde, maji yanayopita huinua tezi na kuishusha omo, na mashine hubaki ikisukuma boti iingie ndani ya maji badala ya kuiteleza juu yake. Bonde hilo lilitokea kwa sababu mbao za kulalia ziliishia sentimita 60 kabla ya kufika kwenye ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Kilo zaidi ya 70 za mashine zilikuwa zikining'inia hewani, zikipigapiga juu na chini kila gari liliporuka tuta, na kati ya Moshi na bwawani matuta hayana idadi. Sehemu ngumu ya mwisho iliyoshikilia boti, pale mbao zinapokatikia, ndiyo iliyokuwa egemeo la kujikunja huko, na ndipo ufa ulipoanzia.

Tela

Tela hili halikutengenezwa kwa ajili ya boti. Lilichomelewa Moshi kwa ekseli ya gari lililokatwa, likatumika kubeba matangi ya maji na mabomba, kisha likaongezewa mbao mbili na winchi likaitwa tela la boti. Silaumu uchomeleaji wake, ambao ni mzuri. Kosa liko kwenye mpangilio, kwa kuwa fundi aliiweka ekseli karibu na katikati ya fremu, jambo linalofaa kwa mzigo unaolala katikati, wakati boti yenye mashine nyuma ina uzito wake mkubwa nyuma.

Tela linalovutwa linatakiwa liiegemee gari kwa kiasi fulani. Kwa matela ya boti kiasi kinachokubalika ni kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Likiegemea kidogo mno, linaanza kupiga mkia, kwanza polepole kwenye mteremko, kisha kwa nguvu inayoweza kulivuta gari lenyewe, na dereva akikanyaga breki ghafla anazidisha hatari. Ili kupima, tuliazima mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika kupimia magunia ya kahawa, tukaifunga kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe na kuning'iniza ulimi wa tela kwenye kimo kilekile inapokaa ndoano ya Hilux. Mizani ilisoma kilo 16. Uzito wote, pamoja na tela, boti, mashine, petroli, nyavu na maji yaliyojificha, tulikuwa tumeukadiria kuwa karibu kilo 780, kwa hiyo kilo 16 ni asilimia 2 tu. Dereva alipoonyeshwa hesabu hiyo alieleza kwa nini hakuwa akizidisha mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye lami iliyonyooka: alidhani ni upepo.

Springi nazo zilikuwa na mabapa matano kila upande, nguvu inayofaa mzigo wa zaidi ya tani. Watu wengi huona springi ngumu kuwa ndiyo usalama, lakini springi isiyokunjika haifanyi kazi yoyote. Kila shimo hupita moja kwa moja kutoka kwenye tairi hadi kwenye mbao, na kutoka kwenye mbao hadi kwenye faiba. Matairi yalijazwa upepo hadi yakawa kama mawe, kwa imani hiyohiyo. Boti ilikuwa inapigwa barabarani kwa saa nyingi kuliko ilivyokuwa inaelea.

Beringi zilikuwa na ugonjwa wao tofauti, na ingawa hazikuhusika na nyufa, zingeweza kuangusha kila kitu barabarani. Grisi ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imegeuka nyeupe na laini, dalili ya kuchanganyika na maji. Hali hiyo hutokana na desturi ya kufika bwawani na kurudisha tela majini mara moja: habu ikiwa imepata moto wa safari, hewa iliyo ndani yake imetanuka, na inapozamishwa ghafla katika maji ya baridi hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia oili sili, yaani mpira wa kuziba habu, iliyochakaa. Kusubiri nusu saa, hadi mkono uweze kutulia juu ya habu bila kuona joto, kunaondoa sehemu kubwa ya tatizo. Vijana wa boti walicheka kwamba hiyo nusu saa wataitumia kunywa chai, na sikuona sababu ya kuwakataza.

Matengenezo

Mwenye boti alipendekeza boti izibwe kwanza, irudi kazini, na tela lishughulikiwe fedha zikipatikana. Nilikataa kuifanya kazi hiyo kwa mpangilio huo, kwa sababu boti iliyozibwa ingerudishwa juu ya bolti ileile, kwenye mbao fupi zilezile. Tela likatangulia.

Ekseli ilifunguliwa yubolti zake, yaani bolti zenye umbo la U zinazoishikilia, na kusogezwa nyuma sentimita 20. Mbao za kulalia zilibadilishwa kwa ndefu zaidi, zinazofika hadi chini ya ubao wa tezi na kuuzidi kidogo, bolti zote zikazamishwa ndani ya mbao na kufunikwa kwa zulia jipya, na ubao wa tatu mwembamba ukaongezwa chini ya mkuku ili uzito usiwe juu ya mistari miwili peke yake. Mabapa mawili yalitolewa kila upande wa springi. Beringi na oili sili zilibadilishwa, na grisi ya kustahimili maji ikatumika. Mashine ilitengenezewa mti wa kuitegemeza kwenye fremu ya tela inapokuwa imeinuliwa, ili uzito wake usiutikise ubao wa tezi barabarani. Baada ya hayo, boti ikiwa imekaushwa, ulimi wa tela ulisoma kilo 62 kwenye mizani ileile, karibu asilimia 9 ya uzito uliobaki.

Kwa upande wa boti, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote ni kukauka, na hapo ndipo subira ya mwenye chombo hujaribiwa, kwa sababu haoni kinachofanyika. Povu lililoloa lilitolewa lote, tumbo likaoshwa kwa maji safi, likaachwa wazi chini ya turubai lililoinuliwa ili upepo upite. Rezini ya poliesta haishiki kwenye faiba yenye unyevu. Itaganda, itang'aa, na itabanduka kama ganda baada ya msimu mmoja.

Kabla ya kuweka hata tabaka moja jipya, tumbo lilinyooshwa. Boti ililazwa kwenye mbao zilizopimwa kwa pima maji, na mifuko ya mchanga ikawekwa ndani juu ya bonde hadi rula ilipokaa bila nafasi. Hatua hii ikirukwa, faiba mpya hugandia umbo baya, na bonde hubaki humo kwa maisha yote ya chombo. Kisha kingo za nyufa zilichongwa kwa grenda kwa mteremko mrefu, mara 12 ya unene, maana yake sentimita 7 hivi kila upande kwa faiba ya milimita 6. Mafundi wengi huona huko ni kuharibu faiba nzima bila sababu, lakini kiraka hubebwa na upana wa mahali kiliposhikia. Kikikosa upana, unene wake haukisaidii. Tabaka za mati, yaani nyuzi za faiba zisizofumwa, na za kitambaa kilichofumwa zilipishana, kila moja ikiwa pana kuliko iliyotangulia, na roleri ikapitishwa hadi mapovu ya hewa yakaisha.

Hadina, yaani kemikali ya kuigandisha rezini, ilipimwa kwa mizani, kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa rezini, wala haikumiminwa kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa kama ilivyo mazoea. Kazi ilifanywa asubuhi, kwa kuwa jua la mchana la Moshi huifanya rezini igande ikiwa bado ndani ya kopo. Jambo moja la usalama nalieleza hapa kwa sababu nimeona likipuuzwa: hadina ya aina hii ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na kamwe haichanganywi moja kwa moja na kobalti ya kuharakisha, kwani viwili hivyo vikikutana vyenyewe hulipuka. Kobalti huingia kwenye rezini kwanza, ikakorogwa, ndipo hadina ifuate.

Ubao wa tezi uligongwa kwa mpini wa bisibisi, na ulipolia sauti ya kufa badala ya sauti kavu, ulifunguliwa. Plaiwudi ya ndani ilikuwa imeoza kuzunguka matundu ya bolti za mashine, kwa vile aliyezitoboa hakuyaziba kwa rezini. Iliwekwa mpya, ikafunikwa pande zote, na matundu yakazibwa kingo zake kabla ya mashine kurudishwa.

Suala la fedha

Lililobaki lilikuwa ni fedha za nahodha. Mwenye boti alikubali, mbele ya vijana wote wawili wanaovua na nahodha, kwamba makato yaliyofanyika hayakuwa na msingi, na akayarudisha kwa mafungu kupitia simu. Hakukubali kwamba alipaswa kulipia pia siku ambazo boti ilikuwa uani na nahodha hana kazi; alisema mgawo ni mgawo, boti isipoingia majini hakuna wa kugawana. Kwa desturi ya uvuvi wa mgawo ana hoja, ingawa kwa maoni yangu mtu aliyesingiziwa kisiki alistahili angalau gunia la mahindi. Nahodha mwenyewe alidai kitu kimoja tu kabla ya kurudi kazini, kwamba kila boti inapotoka uani na kila inaporudi, yeye na dereva wapige picha za simu za tumbo la boti juu ya tela, mbele, nyuma na chini, na picha zibaki kwenye simu ya mwenye boti. Sharti hilo lilikubaliwa. Tairi la akiba la tela, ambalo nilikuwa nimeliandika juu kabisa ya orodha, bado halijanunuliwa.